Hadi Irudi Tano

Serikali ya Kenya ilipoamua kuuza kwa umma robo ya kampuni ya simu ya Safaricom mwaka 2008, bei ya hisa moja iliwekwa shilingi 5. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, lakini kuanzia mwisho wa Machi foleni zilijipanga nje ya mabenki na ofisi za madalali wa hisa. Walikuwamo walimu, wenye maduka, makanga wa matatu, wastaafu na wanafunzi. Wengine walileta akiba, wengine mikopo ambayo mabenki yenyewe yaliitoa kwa ajili ya kununulia hisa hizo. Wengi walikuwa na KenGen kichwani. Miaka miwili nyuma hisa ya KenGen iliuzwa shilingi 11.90, na ilipoingia sokoni Mei 2006 bei ikaruka mara mbili na zaidi kwa muda mfupi mno. Nani angekubali kupitwa mara ya pili?

Waombaji wa Safaricom walizidi laki nane. Hisa zilizoombwa zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwapo mara kadhaa, hivyo watu walipewa sehemu ndogo ya walichoomba, wakabaki kungoja warudishiwe fedha nyingine. Tarehe 9 Juni hisa hizo zilipoanza kuuzwa na kununuliwa Nairobi, bei ilifika shilingi 7 na ushee, kisha ikaanza kuteremka. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 5. Mwisho wa 2011 haikufika hata 3.

Fikiria sasa mazungumzo katika ofisi ya dalali mmoja, miaka ileile. Mwalimu mstaafu amepita kuulizia hali ya soko, na kijana wa mapokezi anamuuliza, "Mwalimu, hizi hisa tuziuze, au uendelee kuzishika?" Mzee anatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Zikirudi tano nitauza. Siwezi kuuza kwa hasara." Hana hoja nyingine. Haulizi kampuni imeongeza wateja wangapi, wala gawio la mwaka huu litakuwa kiasi gani. Anangojea namba moja tu, na namba hiyo haikutoka katika vitabu vya kampuni. Ilitoka katika siku aliyopanga foleni.

Mwisho wa 2012 namba ilifika. Wapo waliouza hapohapo na kumshukuru Mungu kwamba wametoka salama. Mwaka mmoja baadaye hisa hiyo ilikuwa imepita shilingi 10. Agosti 2021 ilikuwa juu ya 40.

Kuwacheka ni rahisi, na si haki. Mwaka 2012 hakuna aliyejua kwamba 40 inakuja, na anayedai leo kwamba alijua, basi atuonyeshe hisa alizonunua. Kinachonishughulisha ni jambo lingine. Aliyekataa kuuza kwa 3 na aliyekimbilia kuuza kwa 5 ni mtu mmoja, na mara zote mbili alisukumwa na sababu ileile. Katika miaka hiyo M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa ikienea nchini na kugeuza kampuni ya simu kuwa njia kuu ya fedha za Wakenya. Hilo lingeweza kuwa sababu ya kushika hisa wakati bei imelala, na sababu ya kuendelea kuzishika bei ilipoamka. Lakini mwenye kungojea 5 hakulihitaji. Alikuwa na kesi yake na soko, na alitaka haki yake tu.

Hata huko kutoka salama kulikuwa na walakini. Mfumuko wa bei Kenya ulikaribia asilimia 20 mwishoni mwa 2011. Shilingi 5 aliyorudishiwa mwalimu mwaka 2012 haikununua unga na mafuta ya taa ambayo shilingi 5 ya 2008 ingenunua. Kwa hiyo hasara aliipata, ila kwa kuwa haikuandikwa kwenye taarifa ya dalali, haikumuuma.

*

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walitoa mwaka 1979 nadharia iliyobadilisha namna wachumi wanavyomtazama mtu mwenye fedha mkononi. Kabla yao, vitabu vilidhani kwamba mtu hupima utajiri wake wote na kuamua kutoka hapo. Wao walionyesha kwamba hatupimi hivyo. Tunachagua kituo, tunahesabu juu yake kuwa faida na chini yake kuwa hasara, na uchungu wa hasara unazidi utamu wa faida iliyo sawa nayo. Makadirio yao ya mwaka 1992 yaliuweka uchungu huo kwenye mara mbili na robo hivi. Kwa mwenye hisa, kituo hicho mara nyingi ni bei aliyonunulia.

Mwaka 1985 Hersh Shefrin na Meir Statman waliipeleka fikra hiyo kwenye soko la hisa, wakasema kwamba wawekezaji huziuza mapema hisa zilizopanda na kuzikumbatia zilizoshuka. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1998, pale Terrance Odean alipochambua akaunti elfu kumi za wateja wa dalali mmoja wa Marekani, kuanzia 1987 hadi 1993. Kila walipokuwa na nafasi ya kuuza, wateja hao waliuza karibu hisa 15 katika kila 100 zilizokuwa na faida, lakini hawakufika 10 katika kila 100 zilizokuwa na hasara. Laiti wangekuwa wanajua wanalofanya, tungesema wana hekima. Lakini katika mwaka uliofuata, hisa walizoziuza zilizishinda zile walizobaki nazo kwa zaidi ya pointi tatu za asilimia.

Katika takwimu za Odean, mwezi mmoja ulikwenda kinyume na mingine, nao ni Desemba. Mwezi huo watu wale wale waliuza hisa zenye hasara kwa wingi. Sababu ni kodi: Marekani, hasara ya hisa zilizouzwa hupunguza kodi ya mwaka, na mwaka wa kodi unakwisha tarehe 31. Ina maana kwamba kukubali hasara hakukuwashinda. Walikosa tu kisingizio cha heshima. Ilipowezekana kusema "nauza kwa ajili ya kodi", badala ya "nauza kwa sababu nilikosea", mkono ulifunguka.

Hapo ndipo ninapoona kwamba fedha ni sehemu tu ya uchungu huu. Bei ikishuka kutoka 5 hadi 3, shilingi 2 zimekwenda, mtu auze asiuze. Kinachoongezeka siku ya kuuza ni hukumu. Kabla ya kuuza, mke akiuliza habari za zile hisa, jibu ni kwamba soko limelala kidogo. Baada ya kuuza, jibu ni kwamba fedha za karo zimepotea. Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini methali hiyo huwa tunaitumia kwa wengine.

*

Ipo methali nyingine ambayo kila anayezungumzia hasara huikimbilia: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ingekuwa hiyo ndiyo hadithi nzima, waliopoteza wangekuwa waoga, soko lingejaa watu wenye tahadhari, na makala hii ingeishia hapa. Lakini nenda kwenye kibanda chochote cha kubeti Dar es Salaam au Kisumu Jumamosi jioni. Kijana ambaye mkeka wake umechanika mchana hapunguzi dau la usiku, analiongeza. Hatafuti tena faida. Anairudisha elfu kumi yake.

Wataalamu nao hawajasalimika. Joshua Coval na Tyler Shumway walichunguza miamala ya mwaka 1998 ya wafanyabiashara wa Chicago Board of Trade waliokuwa wakinunua na kuuza mikataba ya hatifungani za serikali kwa fedha zao wenyewe. Watu hao walikuwa kazini kila siku, mtaji ulikuwa wao, na somo la hasara walilipata kila wiki. Bado, waliopata hasara asubuhi walielekea kubeba hatari kubwa zaidi mchana kuliko waliopata faida. Walikuwa tayari kununua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini kuliko ilivyostahili, na bei walizozisukuma hivyo zilirudi mahali pake baada ya muda mfupi. Soko lilijisahihisha kwa gharama yao.

Mfano uliopitiliza ni wa Nick Leeson, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akiiwakilisha benki ya Barings huko Singapore. Kuanzia 1992 alificha hasara katika akaunti namba 88888, na kila ilipokua aliongeza dau ili aizibe. Mwisho wa 1994 shimo lilikuwa limefika pauni milioni 208 hivi. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliipiga Kobe, soko la Japani likayumba, naye akazidi kununua akitumaini litainuka. Mwisho wa Februari hasara ilikuwa pauni milioni 827. Barings, benki iliyoanzishwa mwaka 1762, ilinunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni moja.

Hapa tumekwama. Hasara moja inamfanya mtu ashtuke akiona ung'ongo, na hasara nyingine inamfanya aingize mkono mzima shimoni. Richard Thaler na Eric Johnson waliuona mkanganyiko huu mwaka 1990, wakasema kwamba baada ya hasara watu kwa kawaida huogopa, isipokuwa wakiona nafasi ya kurudi pale walipoanzia. Nafasi hiyo ikitokea huikimbilia hata ikiwa mbaya. Lakini jibu lililonitosheleza zaidi ni la Alex Imas, aliyelichapisha mwaka 2016. Aliwapa watu fedha za kubahatisha kwa raundi kadhaa. Kabla ya raundi ya mwisho, baadhi ya waliopoteza walitakiwa kuhesabu fedha walizopoteza na kuzikabidhi. Wengine hasara yao ilibaki kwenye karatasi. Waliokabidhi fedha walipunguza dau. Ambao hesabu yao ilikuwa bado wazi waliongeza.

Basi methali yetu si ya uongo, ila inamhusu mtu ambaye kidonda chake kimekwisha kufunga. Yule ambaye nyoka angali mguuni mwake hashtuki, anapigana. Mwalimu wetu wa shilingi 5, kijana wa mkeka na Leeson wa Singapore wote hawakuwa wamefunga hesabu. Mmoja alipigana kwa kungoja, mmoja kwa elfu kumi nyingine, mmoja kwa mamilioni ya watu wengine. Ukitaka kujua mtu atafanya nini baada ya kupoteza, usimuulize amepoteza kiasi gani. Muulize kama amekubali kwamba amepoteza.

*

Kukubali nako si mwisho wa taabu. Hesabu ikishafungwa, hasara huanza kazi yake ya pili, ambayo ni ya kimya zaidi na huenda ikadumu maisha yote.

Hisa za Benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma wa Tanzania mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye zilikuwa zikiuzwa karibu shilingi 100. Mtu aliyechoka akauza wakati huo alikuwa na sababu zake, na huenda zilikuwa nzuri. Lakini bei ilipopanda hadi 200, kisha 400, mtu huyo alikuwa wa mwisho kurudi. Kuinunua kwa 200 hisa aliyoiuza kwa 100 ni kujiandikia mwenyewe kwa wino kwamba alikosea, na hilo ni gumu hata pale ambapo mahesabu ya benki yanasema inunue. Mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 600. Michal Strahilevitz, Terrance Odean na Brad Barber waliona tabia hiyo katika akaunti za Marekani: wawekezaji hukwepa kununua tena hisa waliyoiuza kwa hasara, na hukwepa pia ile iliyopanda tangu walipoiuza. Hawaikwepi kampuni kwa ubaya wake. Wanakwepa kukutana na jana yao.

Hofu hiyo huvuka kampuni moja ikaenea kwa soko zima. Mwishoni mwa 2008, miezi michache tu baada ya foleni za Safaricom, Co-operative Bank ya Kenya ilitoa hisa kwa umma na hazikupata wanunuzi wa kutosha. Sehemu ya lawama ni ya msukosuko wa fedha uliokuwa ukiitikisa dunia. Lakini watu wale wale waliokuwa wamekopa ili wasipitwe mwezi wa Aprili, safari hii waliona afadhali wapitwe.

Tena huvuka mtu mmoja ikaingia kizazi. Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walichambua miongo ya takwimu za kaya za Marekani, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba watu walioishi katika miaka ambayo soko la hisa lilikwenda vibaya hubaki na hamu ndogo ya kununua hisa kuliko wale walioonja miaka ya neema, hata ukiwalinganisha wenye kipato sawa. Japani ni somo lililo wazi zaidi. Soko lake lilifika kileleni siku ya mwisho ya biashara ya 1989, na kipimo cha Nikkei hakikukivuka kilele hicho hadi Februari 2024. Mtu aliyeanza kazi mwaka 1990 alikaribia kustaafu akiwa hajaona kiwango kile kikirudi. Ukimwambia kwamba kwa muda mrefu hisa hulipa, atakuuliza muda mrefu ni miaka mingapi, na swali lake ni la haki.

*

Ninasita hapa, kwa sababu maandishi mengi kuhusu mambo haya huishia kumtazama mwoga kama mgonjwa anayehitaji kutibiwa. Wakati mwingine mwoga ana habari ambazo mtaalamu hana.

Machi 2008, mwezi uleule ambao mauzo ya Safaricom yalifunguliwa, kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi na wasimamizi wa masoko ya mitaji, huku kukiwa na malalamiko kwamba hisa za wateja zilikuwa zimeuzwa bila idhini yao. Mteja aliyetoka hapo akaapa kutomwamini dalali tena hakushindwa na hisia. Alijifunza kitu cha kweli kuhusu soko alilokuwamo, wakati ambao ulinzi wa wateja ulikuwa dhaifu. Kumwambia asome nadharia ya Kahneman kungekuwa matusi.

Vivyo hivyo kwa DECI. Waliokuwapo Tanzania mwaka 2009 wanakumbuka lugha yake: mtu "alipanda mbegu" na baada ya miezi michache "alivuna" mara mbili au zaidi. Waliokuwa wakiendesha upatu huo walikuwa watu wa dini, na mbegu ya leo ndiyo iliyolipa mavuno ya waliotangulia. Serikali iliusimamisha, na mwaka 2013 mahakama iliwatia viongozi wake hatiani. Kwa walioachwa bila mavuno, somo sahihi lilikuwa moja: anayeahidi kuzidisha fedha bila kueleza zinazalishwa wapi, anazitoa mfukoni mwa mwenzako. Lakini hasara haiji na maelezo. Yule aliyefunga hesabu kwa hasira aliweza kuhitimisha kwamba kila mtu anayeomba fedha za kuwekeza ni tapeli, akaogopa hatifungani ya serikali kama alivyoogopa upatu. Na yule ambaye hakuifunga alikuwa mteja tayari wa upatu utakaofuata, kwa sababu ndio pekee ulioahidi kuirudisha fedha yake haraka kiasi alichotaka.

Ndiyo maana naona tusizungumze kuhusu hasara kana kwamba ni kitu kimoja. Ipo hasara ya kuibiwa, na dawa yake ni sheria, ukaguzi na kuchagua wa kumwamini. Ipo hasara ya kukosea: uliamini mapato ya kampuni yatakua, hayakukua, na ishara zilikuwapo. Hii ndiyo yenye elimu ndani yake. Na ipo hasara ya hali ya hewa ya soko, pale ambapo uamuzi ulikuwa mzuri lakini dunia nzima ilitetereka mwaka huo. Moyo hauzitofautishi. Zote tatu huziandika kwa wino mmoja, kisha humpa mwenyewe agizo moja: usirudi, au, ikiwa hesabu bado iko wazi, usitoke.

Pengine hilo linaeleza mapenzi yetu kwa ardhi. Muulize mtu aliyeungua kwenye hisa fedha zake ziko wapi sasa, atakutajia kiwanja Kitengela au Kigamboni. Ardhi ina fadhila zake. Inajengwa, inalimwa, inarithiwa. Lakini ina fadhila moja isiyotajwa, nayo ni kwamba haina ubao wa bei. Hakuna anayekupigia simu Jumatatu asubuhi kukuambia kiwanja chako kimeshuka kwa asilimia nne. Mwaka 1995 Shlomo Benartzi na Richard Thaler walihoji kwamba mwekezaji anayekagua mali yake mara kwa mara huona hasara nyingi zaidi kuliko anayekagua mara chache, hata kama mali ni ileile, na kwa hiyo huikimbia. Kwa kununua kiwanja, mtu amenunua pia haki ya kutoambiwa. Kuna viwanja kandokando ya miji yetu ambavyo vimekaa miaka na miaka bila mteja, na wenyewe wanalala usingizi mzuri kuliko mwenye hisa iliyopanda jana na kushuka leo. Sidhani ni wajinga. Wamelipia usingizi huo, ingawa hawajui bei yake.

*

Je, ipo njia ya kufunga hesabu bila kufunga na mlango? Zipo mbili tatu ambazo zimejaribiwa.

Martin Weber na Colin Camerer walifanya jaribio mwaka 1998 ambamo hisa za washiriki ziliuzwa zenyewe mwishoni mwa kila kipindi, nao wakaachiwa uhuru wa kuzinunua tena bila gharama yoyote. Kimahesabu hakuna kilichobadilika. Lakini tabia ya kukumbatia hisa zenye hasara ilipungua sana, kwa kuwa swali lilikuwa limegeuka. Badala ya "niiuze kwa hasara?" mtu aliulizwa "ningeinunua leo?" Mwaka 2014 Cary Frydman na Antonio Rangel waligundua kwamba hata kupunguza mwonekano wa bei ya kununulia kwenye skrini kulipunguza tabia hiyo. Leo Mkenya na Mtanzania wananunua hisa kwa simu, na wanaotengeneza programu hizo wanaamua kila siku mteja aone nini kwanza. Namba nyekundu yenye alama ya kutoa pembeni ya jina la kampuni si taarifa tu, ni uchochezi.

Swali la "ningeinunua leo?" lina nguvu kwa sababu linawaweka watu wawili mahali pamoja. Mwisho wa 2023 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 14. Aliyeinunua kwa 5 mwaka 2008 na kuishika alikuwa na faida nono hata bila kuhesabu gawio. Aliyeinunua kwa 40 mwaka 2021 alikuwa amepoteza karibu theluthi mbili. Mmoja angeiuza akitabasamu, mwingine asingeigusa. Lakini siku hiyo walikuwa wameshika kitu kilekile, cha kampuni ileile, chenye kesho ileile, na kama kuuza kulikuwa sahihi kwa mmoja bila dharura nyingine nyumbani, kulikuwa sahihi kwa wote wawili.

Wazee wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa sahihi, ila daftari la mwekezaji mdogo kwa kawaida lina safu mbili tu, bei na tarehe. Inakosekana ya tatu, ya sababu: nimenunua kwa kuwa nategemea jambo fulani litokee, na lisipotokea kufikia wakati fulani nitauza, bei iwe juu au chini. Mtu mwenye safu hiyo akipoteza, anaweza kurudi akasoma ni hasara ya aina gani. Sababu ilikuwa sahihi na soko likatetereka? Sababu ilikuwa mbovu? Au hakukuwa na sababu, bali foleni ndefu na hofu ya kupitwa? Jibu la swali la mwisho linachoma, lakini ndilo linalomfaa mtu siku foleni nyingine itakapojipanga.

Na daftari hilo lisiwe siri. Katika nyumba nyingi hasara ya fedha hufichwa kama ugonjwa wa aibu. Baba anaacha kuzungumzia hisa, vyeti vinaingia kabatini, na watoto wanaokua humo wanajifunza kwamba soko la hisa ni mahali ambapo familia yao haiendi. Wanarithi hofu bila kurithi sababu yake, kwa hiyo hawana njia ya kujua kama bado inawahusu. Mzazi akikaa nao akawaambia alinunua nini, kwa nini, alikosea wapi na alionewa wapi, atakuwa amewapa elimu ambayo ada yake amekwisha kuilipa yeye. Kurudisha fedha kunaweza kushindikana. Hilo halishindikani.